Ndagala mbele ya geti

Jumatano, usiku

Bado nasikia yale magurudumu.

Tangu kampuni izungushie senyenge mchanga wa ufukweni, akina mama wa Nyamianda hawana pa kuanika ndagala, visamaki vidogo tunavyoishi kwavyo. Leo walizianika barabarani, mbele ya geti la kampuni. Walisema hakuna dereva atakayekanyaga chakula. Mimi pia niliamini.

Dereva wa kwanza alizima lori, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Tulimpigia vigelegele. Wa pili akawasha injini.

“Weye, utakanyaga chakula?” Mama alimwuliza.

“Mama, minye niko na watoto.”

“Na siye tulizaa majiwe?”

Akainamisha kichwa, akapita polepole. Walinzi wakacheka.

Jioni tulikula bugali na ndagala zilizopondeka. Mchanga ulilia menoni. Naogopa. Mmoja wa wale walinzi aliuliza tunakaa wapi.

Chache zilizobaki nzima, Mama amezitenga kwenye sahani.

“Za nani, Mama?”

“Za yule aliyeshuka. Kazi hana tena. Kesho tutamutafuta.”

Sahani iko mezani, imefunikwa. Hata mdogo wangu hajaigusa.