Masahani ya batoto ba Musonoi

Musonoi, siku ya tano ya wiki ya pili

Na kalamu nyekundu, mbele ya batu bote ba biro! Citoyen shefu, vile serikali inataka tumuite mukubwa wa biro, alikata kazi yangu ya wiki mbili.

Tunatafuta kujua batoto ba hapa biko ngapi, juu bakubwa baamue kama tutapata shule ya pili. Fishi, karatasi ya maulizo, inasema uliza mama: uko na batoto ngapi? Mupumbafu gani aliandika ile? Hapa mama hatajake hesabu ya batoto bake, anaogopa kuita kifo. Anajibu "babili", basi.

Njo maana nilihesabu masahani madogo, moja kwa kila mutoto, yenye ilikuwa inakauka inje. Mama alisema babili, masahani ilikuwa saba. Niliandika saba.

"Hatuandikake masahani, citoyenne," shefu alisema. "Tunaandika yenye mama alisema."

Kwa hiyo Musonoi haina batoto. Shule hapana!

Hasira ikanipanda. Sasa naogopa kufukuzwa, lakini nilimuuliza: "Na weye, citoyen shefu, uko na batoto ngapi?"

Aliangalia kalamu yake.

"Mungu alinipa," alijibu.

Kisha akaendelea kukata.