Mgeni Ameionja Pombe ya Baba Mdogo

Sambasha,
S.L.P. 1174,
Arusha.
16 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Lesian,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako nimeipokea, ijapokuwa hukuituma. Hujambo huko Mtwara? Mkeo na watoto wazima? Kile kifua chako kimepona au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Baridi ya mwaka huu imekuja na ukungu usioondoka shambani mpaka saa tano, na magoti yangu hayataki kusikia habari ya mteremko. Baba anakula, anasali, anagomba, kwa hiyo mzima. Ila macho yake yanazidi kufifia.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu simu ukiipokea huwa uko kikaoni, na ujumbe wa sauti najua unasikiliza nusu. Karatasi utaimaliza, hata kama ni chooni.

Lesian, nimechoka. Nalisema mapema ili usidhani barua hii ni ya kukusalimia tu.

Unaijua pombe ya asali aliyonifundisha marehemu Mama. Mwaka juzi Lucky, yule kijana wa Kimandolu anayepandisha wageni mlimani, alimleta Mzungu mmoja akaonja, akakipiga kibuyu picha, akairusha huko wanakorusha. Toka siku hiyo sina amani. Kumbe duniani kuna watu kazi yao ni kufuata pombe. Usifikiri ni walevi. Mlevi hunywa iliyo karibu. Hawa wanazipita baa zote za mjini, wanapanda matope mpaka kwangu, wanakunywa kikombe kimoja, tena nusu yake wanainusa.

Walikuja wanne kutoka Nairobi, gari likawafia Namanga, wakalala hukohuko na asubuhi wakaendelea na safari. Mwingine alitoka Dodoma kwa pikipiki. Dodoma, mdogo wangu, kwa pikipiki, anafuata kibuyu changu. Kila mmoja ana daftari ndani ya simu anamoandika pombe alizoonja na kuzipa nyota, kama mwalimu wa chekechea. Wananiuliza mizizi ya osuguroi ninayochachushia naikausha siku ngapi, na joto liwe kiasi gani. Nawaambia joto la jikoni. Wanaandika.

Siwakatai, maana bati za zizi zimetokana na hao. Lakini pombe hii inataka moto usiozima siku kumi, na mtu wa kukaa na moto huo ni mimi peke yangu. Na Jumapili Mchungaji ananisalimia kwa vidole viwili. Yote hayo nimeyazoea, wala siyo yaliyonifanya nikae chini kuandika.

Jambo lenyewe ni Baba na baba mdogo Yiamat. Tangu Baba alipokukatia wewe kile kipande cha juu, kando ya masale ya mpaka wetu na wao, ambacho baba mdogo anasema babu alimwachia yeye, hawajasalimiana. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mmoja akikohoa mwenzake anasikia, na hamwambii pole. Wewe ulikuja ukachimba msingi, ukapanga mawe, ukarudi Mtwara. Msingi umeota majani na mbuzi wa baba mdogo ndio wanaoulalia.

Mwezi wa sita baba mdogo alilazwa wiki mbili. Alipotoka aliwatuma wazee waje kusema kwamba hataki kwenda kaburini na neno moyoni, na kwamba yuko tayari kunywa na ndugu yake. Nililia siku ile, nakuambia kweli. Nikatafuta asali nzuri ya Monduli, nikaandaa kibuyu cha peke yake, nikakifunga kwa ngozi na kukiweka kando ya kitanda cha Baba. Desturi unaijua, labda huko pwani umeisahau: kibuyu cha upatanisho hufunguliwa na wagomvi wenyewe, na funda la kwanza halimezwi, wanapuliziana kifuani. Mtu mwingine akishakionja, kinabaki pombe ya kunywa tu.

Siku ikapangwa Alhamisi ya wiki iliyopita, saa kumi. Kwa kuwa Alhamisi ni siku ya gulio, nikateremka Ngaramtoni kununua nyama na mchele. Lucky nilikuwa nimemwambia wazi kwamba wiki ile sina pombe ya mgeni, asilete mtu. Akamleta mtu.

Ni kijana wa Poland. Jina lake lina herufi nyingi, Baba akaona amwite Thomasi na mwenyewe akakubali. Alipanda ndege tatu, akapanda basi, na kuanzia barabara kuu akaja kwa miguu kwa sababu bodaboda zilikataa matope. Alifika viatu mkononi na malengelenge miguuni. Baba akamuuliza, kwa mdomo wa Lucky, ametoka wapi na amefuata nini. Lucky akamtafsiria yote, zile ndege moja moja.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo hata mimi nashindwa kumhukumu mzee. Baba alijua kibuyu kile ni cha nini. Lakini aliniambia baadaye kwamba hajawahi maishani mwake kumwambia mgeni hakuna, wakati kipo. Mtu ametoka mwisho wa dunia, miguu inavuja damu, naye, Mzee Sakaya mzima, aseme uongo akiwa ameketi kwenye kigoda cha baba yake? Alifikiri kikombe kimoja hakitajulikana. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akakata ngozi kwa kisu, akammiminia.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye njia ya juu, mzigo kichwani, nikamwona baba mdogo anatoka kwake. Hata saa nane ilikuwa haijatimia. Alikuja mapema, peke yake, bila kuwasubiri wazee, amevaa lile koti lake la sherehe, Lesian. Nadhani alitaka waonane kwanza wawili tu. Akafika kwenye pengo la masale, akamwona Mzungu ameketi na kikombe mdomoni, na kibuyu kiko wazi miguuni pa Baba.

Hakugomba. Alisema tu, kumbe kimeshafunguliwa, akageuka.

Nikatua mzigo palepale na kuketi chini kwenye majani mabichi. Sikumfuata, wala Lucky sikumfokea. Yule kijana alipoelezwa alichokinywa aliweka kikombe chini, akanishika mikono na kuniomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Kosa lake ni lipi? Alifika na kupewa. Lucky anasema hakuipa nyota hata moja, alifuta na picha. Wazee walipokuja saa kumi waliikuta nyama haijapikwa, wakaondoka.

Jioni Baba akaniomba fimbo. Hajavuka zizi tangu masika, nikadhani anataka kwenda haja. Akanyoosha njia ya masale. Nikamshika mkono tukapita, na sijui kama unaelewa maana ya hilo, mzee wa rika lake kuingia kwa mwenzake aliyegombana naye mikono mitupu, bila kibuyu. Baba mdogo alikuwa ameketi nje na koti lake. Hakusimama, hakutufukuza. Baba akamwambia, nimekosa, nimempa mgeni kitu chako.

Miaka kumi na moja nimemwomba Baba aseme neno hilo. Wachungaji watatu wamemwomba. Akalisema kwa ajili ya kikombe cha pombe.

Baba mdogo alimwita mkewe atoe chai, tukanywa. Kisha akasema, kaka, ya pombe nimekusamehe. Ya shamba siyo yako tena, ulishalitoa, lina mwenyewe. Akanigeukia mimi. Alisema ameona watu wa nchi asizozijua wakipita hapo mbele ya mlango wake kwenda kunywa pombe ya nyumba yetu, na mwenye msingi hajamwona mwaka wa nne sasa. Kibuyu kingine hatakigusa mpaka wewe uwepo.

Hesabu mwenyewe, Lesian. Mwaka wa nne. Kila Krismasi una sababu, na kila sababu nampelekea Baba nikiwa nimeiremba kidogo. Nimechoka kuremba. Sikuambii uache shamba wala ulishike, hilo mtaongea wanaume. Nakuambia uje.

Asali nimepata, kwa taabu. Jana nimekoka moto upya, kwa hiyo itaiva tarehe ishirini na tano, na haivumilii zaidi ya siku mbili. Lucky nimemfungia njia. Nimemwambia akileta mtu mwezi huu, hata awe ametoka mwezini, nitammwagia maji ya moto yeye siyo mgeni.

Nisalimie mkeo, na umwambie vitenge vimefika. Wabusu watoto. Tabea, mke wa baba mdogo, anakusalimu na kukuombea kila usiku, tena kwa jina, nimemsikia mwenyewe. Mungu aliyekulinda huko akulinde na njiani.

Baba hatuma salamu. Siku hizi anakaa pale njia inapopinda, na kila gari linapopanda ananiuliza kama ni wewe. Namwambia hapana, ni watu wa pombe.

Dada yako akupendaye, aliyebaki na moto,
Nalepo