Kurasa Zenye Niliongeza mu Kaye ya Céline

Ndjingala, Walikale
Siku ya Mungu, tarehe 1 mwezi wa pili 2009

Mpendwa dada yangu Céline,

Nimekukosea. Neno hiyo ninaitanguliza mbele ya salamu, maana nikianza na salamu najua nitajificha ndani yake mpaka karatasi iishe. Kama kuko watu karibu yako, enda usome peke yako, na ukae chini.

Sasa nikusalimie. Habari ya Butembo? Baridi ya kule ungali unaiweza? Papa na muguu yake, bado anaenda misa ya asubui na fimbo, ao ameikataa tena? Na duka ya kaka Mumbere ingali inafunguka? Hapa tunasikia njia ya Kanyabayonga imeharibika, sijui bidhaa anapitisha wapi. Mimi mwili ni muzima. Mabega tu njo yanauma, lakini hiyo ni kazi.

Ni juu ya kaye yako, ile daftari ya kifuniko ya kijani. Nilikuambia mvua iliiharibu mu camp ya wakimbizi. Haikuharibika. Iko hapa mbele yangu, mu nailo.

Unakumbuka siku nilikukuta unaiandika nyuma ya shitingi ya hema yetu? Ilikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka jana, juma sita tangu Igiraneza binti yako akuponyoke mu mukono pale Sake, wakati sisi wote wa Mushaki tulikuwa tunakimbia na masasi ya bunduki iko nyuma. Mutoto wa miaka tano, na hakuna mutu aliona alienda upande gani. Jina yake ilikuwa imeandikwa Masisi, kwa biro, ile ofisi yenye inatafuta watoto wenye walipotea. Sisi tulikuwa tunangoja.

Nikachungulia juu ya bega yako. Nikaona umemuandika Shofere Tembele, yule wa teatri ya radio ya siku ya ine, na lori yake yenye haina frein ya kuisimamisha. Na ndani ya lori umepandisha Mukekulu, ule mama muzee wa hadisi za koko Augustine, nyanya yetu, mwenye kuishi mu shimo ya muti na mwenye hawezi kuacha mutu apite bila kula. Katikati yao umekalisha Igiraneza. Nikacheka. Nikakuuliza hawa watu umewakutanisha wapi, maana mumoja ni wa radio na mwingine ni wa jikoni ya koko, hawajuane hata kidogo.

Ukanijibu bila kuinua macho: “Yaya Philippe, sijui mutoto wangu anakulia wapi. Njo maana ninamupa kwa watu wenye najua tabia yao.”

Kisha ukafunga kaye. Ukasema hii siyo ya kusoma, hata Sebarenzi bwana yako hajaiona.

Mwezi wa tatu, siku niliondoka kuja kubeba koli, mizigo ya mawe ya madini ya Bisie, niliitoa chini ya godoro yako. Nilijiambia njia ni refu, nitapata kitu ya kusoma, nitairudisha Pasaka. Wezi wote wanajiambia vile. Wakati uliniuliza, nikaleta mambo ya mvua.

Sijakuelezea kazi yetu vizuri. Kutoka Bisie mpaka hapa ni pori tupu, gari haiingie. Mutu anabeba kilo makumi tano ya mawe kwa mugongo, siku mbili, matope mpaka magoti. Na kuko desturi mu njia. Tukifika kwa kivuko, tunapumuzika, na mwenye kuwa na neno tamu ya kusimulia, wengine wanagawana mawe ya koli yake, huyu kilo mbili, huyu tatu, mpaka kivuko yenye kufuata. Mimi sikuwa na neno tamu. Nilikuwa na kaye yako.

Siku ya kwanza niliwasomea kurasa ine. Jean-Bosco, kijana wa Rubaya mwenye mudomo, akasimama. “Uyo Tembele siyo Tembele. Tembele wa radio hawezi kukubali mama muzee amuambie anawe mikono.”

Papa moja akamujibu: “Wewe kwa radio unasikiaka mikono yake?”

“Nasikia sauti. Ile ni sauti ya mutu muchafu.”

Wakacheka mpaka mumoja akaangusha mawe yake. Tangu pale kila kivuko walikuwa wananiita: Papa Philippe, toa watu wako. Nilitembea na nusu ya koli. Céline, mabega inaweza kumubadilisha mutu.

Jina ya mutoto sikubadilisha. Nilijaribu kumuita Benita, mudomo ikakataa. Nikasoma vile uliandika wewe: Igiraneza, binti ya Sebarenzi wa Mushaki.

Kisha kurasa zako za mwisho. Mukekulu anasuka Igiraneza nywele. Tembele iko chini ya lori anatafuta bulo moja ya gurudumu yenye imeanguka. Mutoto anakula viazi, analala, anaamuka, wanamusuka tena. Kurasa saba hakuna kitu inatokea. Leo najua njo vile ulitaka, hakuna kitu imutokee. Lakini pale kwa kivuko niliona watu wanapiga miayo, na Jean-Bosco akarudisha mawe yangu yote mu koli.

Njo nikaanza kuongeza. Nilichukua biki na nikaendelea penye uliacha, ukurasa wa makumi ine na mbili. Nikawatia bariere ya kufunga njia, nikawatia waaskari walevi, nikamupigisha Tembele ngumi. Wewe ukiandika hukukuwa unamuangalia mutu. Mimi kila musitari nilikuwa namuuliza Jean-Bosco na macho: hii inakufurahisha, ao nitafute ingine? Tembele akaanza kusema mambo yenye Tembele hasemake. Mukekulu akaacha watu wapite na njaa, sababu chakula ilikuwa inachelewesha hadisi. Niliona ninawaharibu. Niliendelea.

Siku moja Jean-Bosco akasema: “Papa Philippe, uyo mutoto iko nakula tu, hana kazi. Umuoze ao umuue.”

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka, dada yangu. Mutoto wako, na mimi ni muyomba wake, nikacheka.

Nilimuua kwa kurasa tatu. Homa, pembeni ya kivuko, Mukekulu anamushika kichwa, Tembele anachimba shimo na mikono. Niliisoma mwezi wa sita. Mwanaume moja mukubwa, mwenye alikuwaka na bunduki mbele ya kubeba mawe, aligeuka akaangalia muti. Kisha wakachukua koli yangu yote, hata kamba. Nilifika Ndjingala mikono mitupu kama mukubwa wa kazi. Na nilikuwa na furaha. Ningeweza kukuambia nilikuwa naumia, ningedanganya.

Chenye kilifuata unakijua kwa upande wako. Sasa usikie upande wangu.

Mama Rosalie wa Mushaki, mwenye kuleta chumvi hapa, alisikia ile hadisi kwa waporteur, wenzangu wa kubeba koli. Ilikuwa imepita mu midomo kumi. Tembele alikuwa amekuwa “shofere moja”. Mukekulu alikuwa amekuwa “mama muzee moja wa pori”. Hata radio hakuna mutu aliitaja tena. Lakini jina ya mutoto na jina ya baba yake zilifika nzima, sababu zilikuwa za kweli. Mama Rosalie hakusikia hadisi, alisikia habari ya mutoto wa jirani. Akapanda Mushaki, penye mulikuwa mumesharudi kutoka camp, akalilia kwa mulango yako. Usimuhesabie kosa. Alileta chenye alipewa.

Walinitumia neno nikuje kama muyomba. Nilifika nikijua ile kifo ilitoka wapi. Hakukuwa maiti, basi mukakata kipande ya mugomba mukaivalisha kanzu yake ya Pasaka, ile ya maua, na desturi ikataka muyomba aibebe mpaka kwa shimo. Niliibeba. Unakumbuka chenye uliniambia mu sikio tukirudi? “Yaya, angalau alikuwa na mama mumoja pembeni yake.”

Mama huyo alikuwa Mukekulu wako, Céline. Wewe njo ulimutuma kwa mutoto. Nilitaka kufungua mudomo pale pale. Wakaniletea sahani ya maharagi ya matanga, na nikaila.

Juma yenye ilifuata, Sebarenzi akashuka Masisi, akawaambia wa biro wasichoke tena, mutoto amezikwa. Wakapiga musitari juu ya jina. Wewe ukarudi Butembo kwa Papa. Tangu mwezi wa saba hakuna mutu hata mumoja anamutafuta.

Na mimi nikanyamaza miezi saba. Nilikuwa najiambia, umeisha kulia, umeanza kupona, nikisema nitakufungua kidonda. Ilikuwa haya na aibu tu. Siku ya ine yenye imepita, radio ilisoma majina ya watoto wenye walipatikana na wazazi hawajulikane. Waporteur wote walisogea karibu kusikiliza, hata Jean-Bosco, maana yeye pia mudogo wake hajulikane iko wapi. Mimi nilikuwa nategea jina moja. Njo nikafahamu: hata kama Igiraneza iko amekaa pale mu liste yao ya wenye walipatikana, kwa liste ya wenye wanatafutwa hakuna mutu wa kumulinganisha naye. Nilimuita Jean-Bosco nyuma ya nyumba. Nikamuambia yote. Hakunitukana. Aliuliza tu: “Kumbe iko mutoto wa kweli?” Na tangu siku ile hajacheka na mimi.

Sasa soma hapa pole pole. Hakuna mutu aliona Igiraneza amekufa. Sikuambie iko muzima, sijui, na sitaongeza tena hadisi. Ninakuambia tu kifo yenye mulilia ilitoka mu biki yangu. Zaidi ya pale hatujue kitu, kama vile hatukujua siku ile Sake.

Kaye inakuja na barua hii, kwa mukono ya Mama Libérata mwenye anapanda Butembo kutafuta vitambaa. Nimeishona mu kitambaa asiifungue. Kurasa zangu sikuzikata, maana zimeshonwa pamoja na karatasi zako na sikutaka kupasua tena kitu yako bila kukuuliza. Uzikate wewe, ao uzichome, ao uziache. Na kama siku moja utataka kumurudisha mutoto kwa Mukekulu na kumusuka nywele kurasa makumi mbili, andika, na usimuonyeshe mutu.

Unisalimie Papa Mbusa, umuambie yote wewe mwenyewe ao umupe barua, sitaki ajue kwa njia. Unisalimie kaka Mumbere na Mama Blandine wake na watoto wao. Koko Augustine, ukipita kwa kaburi yake, umuambie nilitumia hadisi yake vibaya. Mungu akushike, dada yangu, na akuchungie chenye mimi sikuchunga. Musamaha sikuombe leo.

Siku ya kwanza tarehe 9 tunaondoka kwa miguu kwenda Masisi, mimi na Jean-Bosco, yeye kama shahidi wa chenye nilisoma. Waaskari wamejaa mu njia, tutazunguka kwa pori kama inafaa. Nikitoka Masisi nitapanda Mushaki kwa Sebarenzi, nitamuambia mbele ya watu wote wenye walikula matanga, na nitafukua ule mugomba mwenyewe. Lakini biro ya Masisi njo ya kwanza. Siku ya tano tarehe 20 ya huu mwezi, wakifungua mulango asubui, watanikuta nimesimama. Nitawaambia mimi ni muyomba na mimi ni mwenye kudanganya, na sitatoka pale mpaka nione na macho yangu wanaandika tena: Igiraneza, binti ya Sebarenzi na Céline, miaka sita, anatafutwa.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda na mwenye kukuumiza,

Philippe