Mzee Anavuta Pumzi

Jumanne, Mfaranyaki

Tangu tumzike Komba, fundi mwenzangu wa kompyuta hapa ushirika, hakuna aliyegusa programu yake ya kuendesha printa. Leo nimeigusa.

Aliifanya kompyuta ihesabu tu namba, moja, mbili, tatu, kupoteza muda mpaka printa iwe tayari. Kompyuta mpya ina kasi, inamaliza kuhesabu printa ikiwa bado, na risiti za wakulima wa tumbaku zinatoka majina yamekatika. Nimeifuta ile hesabu. Sasa kompyuta itafuata saa yake, na ikisubiri itafanya kazi nyingine.

Meneja kafurahi. "Hiki kitu mngekitoa zamani."

Pembeni ya ile hesabu, humo ndani ya programu, Komba aliandika: subiri, mzee anavuta pumzi. Printa alikuwa akiiita mzee. Maneno hayo kompyuta huyaruka, hayana kazi kwake.

Nimeyaacha.