Ratiba Isiyo na Alhamisi

Mpendwa Baba Stela,

Huko uliko sidhani kama kuna foleni ya maji, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Vijana wa kituo cha kompyuta hapa Newala wameniomba niwapangie masomo ya watu wazima. Mama lishe na mafundi cherehani wanajiandikisha, baada ya wiki wanapotea, maana saa za darasa ni saa za riziki. "Bibi, wewe ulifundisha kisomo enzi za Ujamaa," wakaniambia, kisha wakanipa karatasi chakavu waliyoipata katika kabati la zamani la ofisi ya elimu, iwe mfano.

Unaikumbuka Kitangari? Wewe mwalimu mkuu, mimi mwalimu wa kisomo, ndoa bado mbichi. Akina mama hawakuja darasani kwa sababu walishinda bondeni wakingoja maji, nami nikaliteremsha darasa kwenye foleni. Siku ya kwanza ulinibebea ubao, ukiteleza njia nzima, tukicheka. Walijifunza kuandika kwa chaki kwenye madebe yao. Kila mtaa ulikuwa na siku yake ya kuchota, nikapanga ratiba kwa zamu hizo, na msimu wa korosho nikafupisha masomo. Mama Akwino, aliyevuka Ruvuma na mwanawe kukimbia mabomu, alitaka jambo moja tu: amwandikie mumewe aliyebaki vitani, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba wako hai.

Akaja mkaguzi, akakuta madawati matupu. Nilifika mbio kutoka bondeni, nikangoja unitetee. Ukasema, "Ndugu mkaguzi, nimemkanya sana. Huko anakwenda kupiga soga."

Darasa likafungwa, ukanikataza kushuka na ubao. Mama Akwino alikuwa amefika kwenye jina la mumewe, basi. "Mwalimu, hayo mengine nitayamalizaje?" aliniuliza.

Hilo nilikusamehe. Nilijiambia uliogopa, na kazi ni kazi.

Lakini karatasi hii, Baba Stela! Ni ratiba yangu. Zamu za maji, msimu wa korosho, yote, na chini yake jina lako na sahihi yako, ya mwaka ule ulipopandishwa cheo. Kumbe ulinikana mbele ya mkaguzi, kisha ukaipeleka kwa wakubwa kama yako. Tukalala kitanda kimoja hadi ulipozikwa, na hukusema. Nimelia mbele ya watoto wa watu, na bado nina hasira.

Kijana mmoja akauliza, "Bibi, mbona Alhamisi hakuna somo?" Pale wewe umeandika "mapumziko ya mwalimu". Uliiba hata usichokijua. Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba za walimu. Tangu alfajiri nilipanda na kushuka kilima kile na debe kichwani, nakuchotea wewe maji ya kuoga.

Kozi ya kompyuta nimeshaipanga, kwa jina langu, na Alhamisi tunafundisha. Lala, kama unaweza.

Mkeo,
Mama Stela