Gari Lilizimika, Tukamfukuza Mama

Dada Wilhelmina, mshauri wetu wa gazeti,

Nakuandikia nikiwa nimekwama, naomba mawazo yako, na jina langu usilifiche maana kujificha ndiko kulikonifikisha hapa. Naitwa Joakim, naishi kijijini upande wa Nkololo, wilaya ya Bariadi. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika mpaka watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba na sisi makarani tukapunguzwa, nikanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika nikawa nasomba pamba za watu kuzipeleka kwa wanunuzi hao hao, ila pamba ni ya miezi michache, ikiisha gari linakaa uani mvua zote mpaka msimu mwingine, nalitoa kwa msiba, kwa mgonjwa, au Jumapili kwenda kanisani hapa jirani.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, aliyenilea ni mke mdogo wa baba, Kwandu, ambaye namwita mayu kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Baba naye alishafariki. Mayu ni mzee sasa, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na wewe unajua macho ya namna hiyo huku kwetu yanasemwa ni ya mchawi.

Mwaka jana gari lilianza tabia. Linawaka vizuri, linakwenda kilomita kadhaa, halafu linaishiwa nguvu, linakohoa, linatoa moshi mweupe, linazima, na ukikaa nusu saa linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mara ya kwanza nilikuwa nampeleka mayu msibani Sapiwi, mara ya pili nampeleka hospitali Bariadi mjini. Nikienda kanisani halizimi. Baba mdogo Limbu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akaniita pembeni akasema, "Likimbeba huyu mama linakufa. Wewe huoni?" Nikamjibu gari ni chuma tu, lakini moyoni nikaanza kuona.

Mwezi wa pili mwaka huu mke wangu Milembe alishikwa na uchungu asubuhi, nikampakia pamoja na mayu, njia imeharibika kwa mvua, na gari likazima katikati ya mbuga pasipo nyumba wala mtu, nikapiga stata mpaka betri ikachoka. Mtoto alizaliwa humo humo garini. Mayu alimpokea kwa khanga yake, wa kiume, akamfuta uso, akampulizia puani, akamwita kwa majina ya ukoo. Hakulia. Baadaye walipita watu wenye maksai wakatuvuta mpaka nyumbani.

Baada ya mazishi baba mdogo alikwenda kwa mganga, akarudi akasema mbele ya watu wote kwamba mayu aondoke, asipoondoka yeye hawezi kuwazuia watakaokuja na mapanga. Wote wakanitazama mimi. Dada, sikusema kitu. Mayu akafunga nguo zake akapanda basi kwenda kwa kaka yake anayeishi Malampaka.

Siku nne baadaye alikuja fundi Thomasi kutoka mjini. Akafungua filta ya dizeli akaimimina kwenye chupa ya soda, akaiacha itulie, kisha akaniita. "Hii ulinunua au ulichota lamboni?" Chini yalikuwa maji, juu dizeli, katikati utando mweusi kama kamasi. Akaweka filta mpya, akatoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli, na mpaka leo gari halijazima. Nilimpelekea baba mdogo ile chupa, akasema, "Mchawi ameondoka, gari limepona. Unataka ushahidi gani tena? Usituamshie mambo."

Nikanyamaza tena, sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Milembe alikuwa hanisemeshi, wiki iliyopita akaniuliza taratibu, "Kwani mayu alikuwa anakaa ndani ya filta?" Nikisema, nitamwaibisha baba mdogo mbele ya ukoo. Nisiposema, nitaishi na swali hilo la Milembe. Nifanye nini? Na je, gari lenyewe limepona kweli?

Joakim, Bariadi, 1996

JIBU

Joakim,

Pole sana kwa mtoto. Umpe pole na Milembe, umwambie nimesoma swali lake mara mbili. Hapo pole yangu inaishia kwa sasa.

Nianze na gari kwa sababu hilo ni rahisi. Nimemsomea barua yako fundi anayetutengenezea magari hapa gazetini. Cha kwanza alichouliza ni unanunua wapi dizeli. Hukusema, lakini siku hizi za ruksa ya biashara kila mtu ana madumu kando ya barabara, na dumu likikaa kwenye mvua, au likiwa lilibeba maji jana, hakuna anayekutangazia. Kisha unaliegesha gari mvua zote, nadhani na tangi nusu. Hewa yenye unyevu inaingia ndani, ikipoa inatona maji, na maji ni mazito kuliko dizeli, yanakwenda kulala chini. Hapo maji yanapokutana na dizeli vinaota vijidudu, ndio huo utando uliouona.

Ukienda kanisani, safari fupi, uchafu haujapata muda wa kuziba kitu. Ukienda Sapiwi au mjini, mashimo yanautibua, unavutwa, unaziba njia ya dizeli. Gari likizima, uchafu unashuka tena chini ya tangi, ndiyo maana baada ya nusu saa linawaka. Sasa fikiri mwenyewe: mama huyu ulimpakia safari ndefu tu. Ni lini ulikwenda mbali hivyo bila yeye, wakati wa mvua, ukalinganisha? Hukulinganisha. Ulihesabu mara lilipozima naye, ukaacha mengine yote.

Na gari halijapona. Fundi wako amebadilisha filta, tangi hakuligusa. Mvua zijazo litazima tena, na Limbu atasema mama analiroga akiwa Malampaka. Kwa hiyo mwite Thomasi arudi, ateremshe tangi lote, alioshe, aangalie na mpira wa kifuniko kama umepasuka. Kila utakaponunua dizeli, jaza kwanza chupa ya kioo, iache itulie mpaka kesho yake, uitazame chini. Dizeli iliyo kwenye kitako cha dumu usiitie. Kabla ya mvua jaza tangi mpaka juu lisibaki na nafasi ya hewa, na kila wiki litembeze mwendo wa kutosha lipate moto.

Sasa wewe. Unaogopa kumwaibisha baba mdogo, na wakati ule ule umemwacha mama aliyekulea abebe lawama ya kifo cha mjukuu aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe. Limbu alisema uongo kwa kutojua. Wewe tangu siku ya ile chupa unajua.

Kazi ya tangi ifanyike mchana, ukoo wote ukiwepo, Limbu akiwa wa kwanza kualikwa. Umheshimu, usimtukane, lakini useme kwa mdomo wako, "Nilijua, nikanyamaza." Kabla ya siku hiyo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa padri wako, uwaambie habari ya mapanga, ili wawe mashahidi na usalama wa mama uwe mikononi mwa watu zaidi ya wewe. Usimrudishe kabla hilo halijakaa sawa. Kisha nendeni Malampaka, wewe na Milembe. Barua usitume, mjumbe usitume. Na ukifika, usianze na habari za filta. Anza na msamaha.

Uhai wa mtu hausubiri zamu ya gazeti, kwa hiyo jibu hili nilimpelekea Joakim kwa posta kwanza. Ameniandikia tena, na ameniruhusu niwape wasomaji.

"Dada, tangi liliteremshwa, yakatoka maji ya kujaza sufuria. Nikasema mbele ya wote kwamba nilijua, nikanyamaza. Baba mdogo alitazama, akaondoka. Mwenyekiti ndiye aliyewaambia watu kwamba atakayemgusa mayu atajibu kwake. Tukaenda Malampaka. Mayu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, 'Na kama fundi asingekuta maji?' Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia, 'Ningeendelea kunyamaza, mayu.' Akamshika Milembe mkono, akasema kurudi hatarudi kwa sasa, akitaka kutuona ataagiza. Wiki hii ameagiza. Anataka Milembe aende, mimi hakunitaja. Nifanyeje?"

Mpeleke, Joakim. Mshushe mlangoni, salimia ukiwa nje, urudi nyumbani. Akiagiza tena, mpeleke tena.