Moyo Mkubwa wa Mansuri

Kirongwe,
Mafia.
12 Mei 2025

Mpendwa Dada Hasina,

Kabla ya salamu, inanipasa nitangaze rasmi, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba moyo wa ndugu yako unapiga mara themanini na nne kwa dakika. Uzi ukikataa kuingia kwenye sindano, hufika tisini na sita.

Sasa shikamoo. Hujambo huko Lindi? Goti limepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi, na cherehani nayo haijambo.

Aliyenipima ni mwanao Munira. Unajua mwaka jana Biolojia ilimwangusha. Ikimwangusha tena, udaktari ndio basi. Iliyomshinda ni ile sura ya mwili ukiwa kazini: moyo, pumzi, misuli. Safari hii kaacha kukariri, kashika saa na mikono ya watu. Mie wa darasa la saba, niliyekimaliza kitabu chake nikipinda suruali za watu, nikamwambia, "Moyo wa fundi nguo hautakufaulisha. Mpime mkwezi."

Akampima jirani yetu Mansuri kabla hajapanda mnazi. Hamsini tu! Munira akaruka kwa furaha: "Ami Mansuri, una moyo mkubwa!"

Alimsifu, maskini. Moyo uliozoea kazi hukua, ukapata nguvu. Lakini huku kwetu moyo mkubwa ni ugonjwa. Mansuri hakupanda tena. Alikwenda kulala, akawa anaomba radhi majirani, hata kwa makosa tuliyokuwa hatuyajui.

Siku ya tatu mkewe, Somoe, akanijia barazani. "Maliki, mwambie daktari wako aje amteremshe mume wangu kitandani. Minazini alikuwa akiteremka mwenyewe!"

Munira akaenda, Kiingereza cha kitabu kikamkwama kooni. Mwisho akasema, "Ami, mwenye ndoo huchota mara chache, mwenye kikombe ndiye anayehangaika. Moyo wako ni ndoo."

"Na wa Maliki?"

"Kikombe."

Mansuri akaketi. "Somoe, pakua wali."

Sasa kijijini hasemezeki. Ila Munira alirudi akitembea kama mtu aliyeelewa maneno yake mwenyewe.

Naandika haya yumo chumba cha mtihani. Nimeshona mfuko wa kanzu ya mtu nikauziba mdomo.

Msalimie shemeji Mudrik, na Zawadi umwambie mjomba anamkumbuka. Mola akufungulieni kila lenye kheri.

Ni mimi nduguyo, mwenye mapenzi yasiyopungua,
Maliki

Bahasha nimeifungua tena. Munira karudi. Swali la moyo wa mtu wa mazoezi limetoka, na amelijibu. Lina alama mbili.